Kopo la vipande vya rivolva: namba zilisema moja, mng'ao ukasema jingine

Kisa hiki kinahusu vipande sita vya chuma na shaba vilivyoletwa ndani ya kopo la biskuti, na wiki tatu za kuvichunguza. Majina, mahali na namba kamili za mfululizo nimeviondoa. Nimeacha makosa yangu, kwa sababu ndiyo yanayofundisha zaidi.

Kopo na maelezo yake

Mwenye mali alirithi kopo hilo kwa babu yake. Ndani mlikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: "Colt ya 1851, fedha." Colt ni kampuni ya bastola ya Marekani. Hapakuwa na mtutu, fremu wala mbao za mpini. Palikuwa na silinda mbili (ile ngoma inayozunguka na kubeba risasi), kikingio cha kifyatuo (ule upinde unaozunguka kidole), mgongo wa mpini, nyundo, na kabari, yaani kile kipande bapa kinachopenya sehemu ya mtutu kutoka ubavuni na kuufunga kwenye fremu.

Alitaka kujua mambo matatu. Je, vyote ni vya bastola moja? Ule weupe unaong'aa ni fedha kweli? Na la tatu, lililonitia wasiwasi: avisugue kwa dawa gani ili vifanane?

Alikuwa ameshaanza kusugua. Kwenye kisigino cha mgongo wa mpini palikuwa na kiraka cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, cha manjano safi kama kengele mpya. Pembeni mwake pote palikuwa peusi.

Kabla ya yote: tundu lililoziba

Silinda za bastola za fataki (vikofia vidogo vinavyolipuka na kuwasha baruti) hupakiwa kwa mbele: baruti kwanza, kisha risasi inayoshindiliwa mpaka ikabane. Bastola ikiwekwa kabatini na mzigo wake, mzigo hukaa humo. Baruti nyeusi iliyokaa kavu inaweza kuwaka baada ya miaka mia na zaidi, na silinda haihitaji mtutu ili iumize mtu. Kwa hiyo silinda iliyoachana na bastola yake naihesabu kuwa imepakiwa mpaka nithibitishe vinginevyo, na siipashi joto, siipigi, wala siichokoi kwa chuma.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Kijiti cha mbao kinaingizwa taratibu katika kila tundu, na kina kinawekwa alama kwa penseli. Katika silinda chakavu, matundu matano yalilingana. La sita lilikuwa na kina cha nusu tu.

Tulisimama hapo. Silinda ilipelekwa kwa fundi silaha mwenye leseni, na kazi ikalala siku nne. Jibu lilichekesha: nyigu wa udongo alikuwa amejenga humo nyumba yake, na udongo ukakauka kama saruji. Hata hivyo sijutii zile siku nne. Fundi huyo aliwahi kuniambia kwamba si mara zote anakuta udongo.

Jambo jingine la mwanzo ni sheria. Nchi moja inaweza kuhesabu kipande kama hiki kuwa kitu cha kale, nyingine ikakihesabu kuwa sehemu ya silaha. Marekani, kwa mfano, mpaka umewekwa kwenye mwaka 1898: silaha iliyotengenezwa mwaka huo au kabla yake ni ya kale kwa sheria ya shirikisho. Kwingineko mpaka ni mwingine kabisa. Mwenye mali alitakiwa aulize kwao kabla ya kutuma chochote kwa posta, na aliuliza.

Siku ya kwanza: nilipanga kwa rangi

Hapa ndipo nilipokosea. Nilivimwaga vipande juu ya kitambaa nikavigawa kwa macho. Kikingio kilikuwa cheupe, kinang'aa, kimetunzwa. Silinda ya kwanza ilikuwa safi, michoro yake ya meli ikionekana wazi. Nikavitia pamoja katika kundi la "bastola nzuri." Mgongo wa mpini mweusi wenye kiraka cha manjano, silinda iliyolika na nyundo yenye kutu nikavitia katika kundi la "mabaki." Nikaandika kwenye daftari: *kikingio na silinda A, Colt Navy, fedha asilia*. (Navy ni jina la modeli ya Colt ya 1851.)

Daftari hilo ninalo bado. Karibu kila neno katika mstari ule lilikuwa si kweli.

Kosa lenyewe halikuwa la kutojua. Nilijua kwamba mng'ao ni kitu cha juu, kinachoweza kuwekwa mwaka wowote na mtu yeyote mwenye beseni la dawa na umeme. Ila jicho hupenda vitu vinavyofanana, na karatasi ya babu ilikuwa imeshanipa jibu kabla sijauliza swali.

Silinda A: meli nzuri mno

Mwenzangu, ambaye kazi yake ni uhifadhi wa metali, ndiye aliyeanza kuitilia shaka. Aliishika silinda A chini ya taa ya pembeni akauliza swali moja: "Hii imetumika lini?" Michoro ilikuwa na kina kirefu na kingo kali, lakini uso wote ulikuwa wa rangi ya kahawia kama chuma kilichochoka. Uzee wa kweli hauji namna hiyo. Michoro ya silinda za Colt haikuwa na kina kirefu. Huanza kufutika kwenye miinuko mahali silinda inapoguswa na mkono na ngozi ya ala, huku kwenye mabonde ikibaki. Hapa uzee ulikuwa umepakwa sawasawa kila mahali, hata ndani ya mifuo ambayo kidole hakiwezi kufika.

Tulipoisafisha sehemu ya nyuma kwa pamba na spiriti, rangi ilitoka kwenye pamba. Chini yake ukatokea mhuri mdogo: herufi PN chini ya nyota, na kando yake kisanduku chenye herufi AC. PN ni alama ya Italia ya kupimwa kwa baruti nyeusi. AC ni msimbo wa mwaka: Waitalia walianza na AA mwaka 1975, kwa hiyo AC ni 1977. Kabla ya hapo walitumia namba za Kirumi, kwa mfano XX kwa mwaka 1964. Viwanda vya mji wa Gardone Val Trompia vimekuwa vikitengeneza nakala za rivolva za Colt tangu miaka ya 1950, na nyingi ni bidhaa nzuri zisizodanganya mtu. Mdanganyifu ni yule aliyeipaka hii rangi ya uzee baadaye.

Kwa uhakika zaidi tulijaribu uzi wa skrubu wa chuchu, zile ncha za nyuma zinazovalishwa fataki. Kipimo cha metriki, M6 (kipenyo cha milimita 6) yenye hatua ya milimita 0.75 kati ya uzi na uzi, kiliingia bila ubishi. Kiwanda cha Colt cha Hartford, Marekani, hakikukata nyuzi za metriki katika karne ya 19.

Silinda A ikatoka mezani. Ndiyo iliyokuwa kipande kizuri kuliko vyote.

Silinda B: iliyolika, lakini inasema

Silinda B ilikuwa na urefu wa milimita 43 kasoro kidogo, yaani inchi 1 na 11/16, na matundu sita yenye kipenyo cha milimita 9.5. Hapa wengi hukwama. Wanasoma kwamba Navy ni ya kalibra .36, yaani inchi 0.36, wanapiga hesabu wanapata milimita 9.1, kisha wanashangaa tundu kuwa pana zaidi. Kalibra ya jina si kipenyo cha tundu la silinda. Risasi ya duara ilikatwa kingo ilipokuwa ikishindiliwa, na tundu lilikuwa karibu na inchi 0.375. Silinda ya Pocket ya 1849, modeli ndogo ya Colt ya kalibra .31, ingekuwa na matundu ya kama milimita 8, na mchoro wake ni wa gari la farasi linaloshambuliwa na majambazi, si meli.

Chini ya lenzi tuliona milingoti miwili na sehemu ya maneno: "...GED 16 MAY 18...". Hayo yalitosha. Mchoro huo unaonyesha vita vya baharini vya Campeche kati ya meli za Jamhuri ya Texas na za Meksiko, tarehe 16 Mei 1843. Samuel Colt aliuchagua kwa sababu jeshi la majini la Texas lilikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Mchongaji wake, Waterman Ormsby, alikuwa fundi wa kuchonga noti za benki. Mchoro haukuchongwa kwa mkono kwenye kila silinda. Uliviringishwa kwa gurudumu la chuma kigumu, ndiyo maana hauna kina kirefu.

Lakini mchoro huo hauko kwenye Navy ya 1851 peke yake. Army ya 1860, modeli nyingine ya Colt, inao pia, ila silinda yake ina ngazi, nyembamba nyuma na pana mbele, na matundu yake ni ya .44. Hiyo tuliiondoa kwa rula tu. Navy ya 1861 ni ngumu zaidi, maana silinda yake ni kama ileile. Hapo tulihitaji namba.

Namba nne, na hesabu ya bahati

Silinda B ilikuwa na tarakimu nne. Mtu asiye na uzoefu angesema: namba ndogo, basi ni ya miaka ya mwanzo kabisa, basi ni ya thamani. Sivyo. Colt walipovuka elfu kumi, silinda mara nyingi ilipigwa tarakimu nne za mwisho tu, kwa sababu nafasi katika mchoro ilikuwa finyu. Namba kamili hukaa kwenye mtutu, fremu, kikingio na mgongo wa mpini.

Mgongo wa mpini mweusi ulikuwa na namba kamili upande wa chini, kwenye kitako: tarakimu tano, katika elfu tisini na kitu. Kikingio kinachong'aa kilikuwa na yake upande wa mbele, karibu na skrubu: tarakimu tano, katika elfu hamsini na kitu. Kwa hiyo kikingio na mgongo, ambavyo hufungwa pamoja kuzunguka mpini uleule, havikutoka katika bastola moja. Hilo lilikuwa wazi tangu dakika ya kwanza kama ningegeuza vipande na kusoma badala ya kupanga rangi.

Tarakimu nne za silinda B mwanzoni hazikulingana na chochote. Tulisoma 3 mahali palipokuwa na 8. Upande wa kushoto wa tarakimu ulikuwa umelika. Mwenzangu alizungusha taa mpaka ikawa karibu sambamba na uso wa chuma, na mikunjo miwili ya kushoto ikatoa kivuli. Ilikuwa 8. Sasa tarakimu nne za silinda zililingana na nne za mwisho za mgongo wa mpini.

Je, hiyo ni hakika? Hartford ilitengeneza Navy za 1851 kama 215,000 kati ya 1850 na 1873. Kila mkia wa tarakimu nne ulijirudia mara 21 au 22. Ongeza Navy za 1861, kama 38,000, na kuna silinda nyingine tatu au nne zenye mchoro uleule na mkia uleule. Kwa hiyo kulingana peke yake hakuthibitishi. Lakini geuza swali: ukiokota silinda yoyote ya Navy bila kuchagua, nafasi ya mkia wake kulingana na mgongo uliokwisha kuushika ni moja kwa elfu kumi. Mtu mwenye subira angeweza kuitafuta makusudi, na wako wanaofanya hivyo ili kuuza bastola "yenye namba zote." Ila mtu wa aina hiyo haweki silinda yenye nyumba ya nyigu ndani ya kopo la biskuti pamoja na kikingio kisichofanana. Nilikubali kwamba vilitoka pamoja, na nikaandika sababu.

Elfu tisini na kitu pia iliondoa Navy ya 1861, ambayo haikufika huko. Na iliondoa London: kiwanda cha Colt cha London kilitengeneza kama 42,000 tu, na silinda zake zina mihuri ya Uingereza ya taji juu ya V na taji juu ya GP. Hapa haikuwepo.

Umbo likathibitisha namba

Kikingio cha Navy kilibadilika kwa vipindi. Cha kwanza kilikuwa na mgongo wa mraba, mpaka kama namba 4,200. Kikafuata cha duara dogo, mpaka karibu 85,000, kisha cha duara kubwa mpaka mwisho. Kikingio chetu kilikuwa cha duara dogo, sawa na namba yake ya elfu hamsini. Bastola ya elfu tisini ilipaswa kuwa na duara kubwa. Namba na umbo, mashahidi wawili wasiojuana, walitoa jibu moja, na hapo nikaacha kubishana na nafsi yangu. Vyote viwili vilitengenezwa kabla au karibu sana na 1860.

Nyundo haikuwa na namba. Ilikuwa na madoa ya buluu na kijivu kwenye mashavu, mabaki ya chuma kuimarishwa uso kwa kupashwa ndani ya mkaa wa mifupa. Umbo lake ni la Navy, na zaidi ya hapo sikusema.

Weupe gani?

Sasa tuje kwenye lile lililomleta mwenye mali. Navy za kawaida za kiraia zilitoka kiwandani na mgongo na kikingio cha shaba ya njano kilichochovywa fedha, huku mtutu na silinda vikiwa na rangi ya samawati ya chuma na fremu yenye madoa ya mkaa. Kuchovya fedha kwa umeme kulikuwa kazi ya kawaida tayari. Elkington wa Birmingham walipata hataza yao mwaka 1840. Nikeli ni habari nyingine. Ilijulikana maabara, lakini mchovyo wake ulianza kuwa biashara baada ya hataza ya Isaac Adams nchini Marekani mwaka 1869. Kwa hiyo kikingio cha miaka ya 1850 chenye nikeli hakikutoka kiwandani hivyo, hata kama kinapendeza vipi. Na kromi ni ya karne ya 20, miaka ya 1920 na kuendelea.

Nisieleweke vibaya: nikeli si ishara ya ughushi. Colt wenyewe waliuza rivolva za nikeli baadaye. Single Action Army ya 1873 ilipatikana kwa nikeli kutoka kiwandani. Jambo ni kuoanisha mwaka wa mchovyo na mwaka wa chuma kilicho chini yake. Na kinyume chake pia: fremu ndogo ya shaba yenye weupe uliochakaa inaweza kuwa Model 1 ya kampuni ya Smith & Wesson, iliyoanza 1857 na kuchovywa fedha, ambayo watu huiita nikeli bila kuangalia.

Tulianza na macho. Weupe wa kikingio ulikuwa na joto fulani, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai. Fedha ni nyeupe zaidi, na ikiachwa hewani huwa nyeusi kwa sababu ya salfa. Nikeli huwa na ukungu wa manjano lakini haiwi nyeusi hivyo. Kikingio hakikuwa na weusi hata kwenye kona, wakati mgongo wa mpini ulikuwa mweusi wenye mwanga wa zambarau na buluu pembezoni. Weusi huo, ambao mwenye mali aliuona uchafu, ndio uliokuwa fedha.

Kisha sumaku. Kipande kidogo cha sumaku kali kilining'inizwa kwa uzi na kusogezwa karibu. Shaba haivuti, fedha haivuti, nikeli huvuta. Mgongo haukuitikisa. Kikingio kiliivuta kwa unyonge, uzi ukaegemea kidogo tu, kwa kuwa tabaka ni jembamba. Tahadhari mbili: kama kilicho chini ni chuma, kipimo hiki hakina maana; na nikeli ya kemikali isiyotumia umeme, yenye fosforasi nyingi, inaweza isivute kabisa. Kutovuta, basi, hakuthibitishi fedha.

Tone la asidi tulilikataa. Linatoa jibu, lakini linakula tabaka lililobaki, na mgongo ule haukuwa na la kupoteza. Badala yake tulipata saa moja ya mashine ya ekserei ya kushika mkononi, ile inayosoma elementi kwa miale ya ekserei zinayoitoa. Mgongo wa mpini ulitoa shaba, zinki, na fedha. Kwenye kile kiraka kilichosuguliwa, fedha ilikuwa imekwisha kabisa. Zebaki haikuonekana, jambo linaloafikiana na mchovyo wa umeme badala ya ule wa zamani wa moto. Kikingio kilitoa nikeli juu ya shaba na zinki.

Lakini mwenzangu hakuridhika na uso wa nje. Aliielekeza mashine ndani ya kikingio, kwenye kona ya tundu la skrubu ambako gurudumu la kung'arishia haliwezi kufika. Pale ilitokea fedha, kidogo, chini ya nikeli. Kikingio kiliwahi kuwa cha fedha, kikavuliwa, kikang'arishwa, kikavikwa nikeli. Tuliporudi na lenzi, dalili zote zilikuwepo nasi tulizipita: nikeli imetanda ndani ya vishimo vya kutu ya kijani vilivyokuwepo kabla yake, kingo za tundu za skrubu zimezama kama visahani, na tarakimu za namba zina midomo ya mviringo badala ya kingo kali. Mchovyo hauzibi jeraha, unalifunika tu.

Uamuzi

Mwenye mali alipendekeza tuvue nikeli ya kikingio na kukichovya fedha upya, mgongo nao usuguliwe na kuchovywa, ili vifanane. Nilimwambia: "Mzee wangu, ukifanya hivyo utakuwa na vipande viwili vizuri visivyosema lolote." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kile kiraka alichokisugua kitarudi lini kuwa cheusi. Hakitarudi. Kitakuwa cha kahawia kama shaba, kwa kuwa hapana fedha ya kugeuka.

Tulikubaliana mgongo usisuguliwe tena. Ulifutwa kwa spiriti na pamba laini kutoa grisi, bila amonia, maana dawa nyingi za kung'arishia shaba zinayo na huila shaba taratibu. Kila kipande kilitiwa kwenye mfuko wake na karatasi ya kuzuia salfa, mbali na mipira ya kufungia, ambayo nayo hutoa salfa. Silinda B ilipakwa mafuta mepesi. Nikeli ya kikingio iliachwa, kwa sababu nayo ni historia: mtu fulani baada ya 1869 alitaka bastola yake ing'ae.

Maandishi ya orodha yalikuwa manne badala ya moja. Silinda B na mgongo wa mpini: Navy ya 1851, Hartford, karibu na 1860, huenda vya bastola moja, fedha asilia kwa sehemu. Kikingio: Navy ya 1851 nyingine, ya awali zaidi, nikeli ya baadaye juu ya mabaki ya fedha. Nyundo: aina ya Navy. Silinda A: nakala ya Italia ya 1977, imezeeshwa. Mwenye mali alikubali maneno "imezeeshwa" yabaki, ingawa yaliipunguzia thamani silinda hiyo. Baadaye aliuza kikingio peke yake, pamoja na maelezo hayo, kwa mtu aliyekuwa na fremu ya elfu hamsini iliyokosa kikingio.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichofaa zaidi kilikuwa mpangilio tuliofikia tukiwa tumechelewa: kwanza namba, pili vipimo na umbo, tatu mihuri ya majaribio, na mchovyo mwisho. Namba hupigwa mara moja. Mchovyo unaweza kuwekwa, kuvuliwa na kuwekwa tena, kwa hiyo unaeleza maisha ya uso tu. Mashine ya ekserei ilisaidia, lakini swali lake lilikuwa limeshajibiwa kwa asilimia kubwa na lenzi, taa na sumaku. Kama isingepatikana tungekosa ile fedha ya kwenye kona, na maelezo ya kikingio yangekuwa mafupi zaidi bila kuwa ya uongo.

Kilichoharibika ni picha. Nilipiga picha za kwanza baada ya kufuta vumbi, si kabla. Katika silinda A tulipoteza ushahidi wa jinsi rangi ya uzee ilivyopakwa, na mtu akibisha leo sina cha kumwonyesha zaidi ya pamba yenye doa. Kosa la pili ni lile la 3 na 8. Lilikula siku mbili, na lingeweza kutufanya tuitenganishe silinda na mgongo wake milele. Siku hizi kila namba inasomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, chini ya taa kutoka pande nne, kabla hawajaambiana.

Na karatasi ya babu. Ilisema 1851, ikamaanisha modeli, nasi tukaisoma kama mwaka. Ilisema fedha, na ilikuwa sahihi kwa kipande cheusi ambacho hakuna aliyekifikiria.

Kabari bado iko kwenye mfuko wake. Ina tarakimu nne zinazosomeka vizuri kabisa, na hazilingani na chochote kilichokuwa ndani ya kopo.